Josphat Mugambi na Senti Iliyosuguliwa kwa Limau

Ndugu na marafiki, ahsanteni kwa kuja katika baridi hii. Josphat Mugambi M'Ikiara angewashukuru mmoja mmoja, huku akiwatazama viatu ili ajue nani amekuja kwa basi na nani kwa gari. Jicho lake halikujua kupumzika hadi alipotutoka Jumanne, tarehe 9 Februari 2016.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Nkubu, Meru, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee M'Ikiara na marehemu Mama Sabera. Akiwa mdogo aliweza kutazama yai na kusema limetagwa na kuku yupi. Mama yake alimwona mwongo, akayatia mayai alama ya siri ili amnase. Hakumnasa.

Alisoma shule ya msingi hapo Nkubu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, kisha akajifunza uchapishaji Nairobi. Tangu 1980 alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha uchapishaji, kazi yake ikiwa kutoa makaratasi yenye kasoro. Mwaka 2001 alihamia Toronto pamoja na familia yake, wakapanga nyumba mtaa wa Weston, akaajiriwa kukagua vioo vya miwani. Kazi hiyo aliifanya mpaka ugonjwa ulipomtoa.

Tarehe 25 Aprili 1987 alimuoa Grace Kwamboka wa Nyamira. Mmeru na Mkisii, kila mmoja na lugha yake, basi mapenzi na ugomvi vyote vikawa vya Kiswahili. Walijaliwa binti mmoja, Kagendo.

Mwaka 2004, kwenye duka la vitu vikuukuu mtaa wa Parkdale, Mugambi aliokota senti ya Marekani ya shaba, pana karibu sawa na kizibo cha soda, yenye umri wa miaka mia mbili. Hapo ndipo familia ilipompoteza kwa mara ya kwanza. Zama hizo mihuri ya chuma ya kupigia sarafu ilichongwa kwa mkono. Mmoja ukipasuka, unachongwa mwingine, na mkono wa mtu haurudii kazi sawasawa. Ndiyo maana senti za mwaka mmoja hutofautiana: hapa jani la shada lililochorwa limegusa herufi, pale tarakimu imeinama. Wataalamu walikwishazipanga aina hizo zamani, ila wauzaji wenye haraka huzitia zote katika boksi moja. Mugambi alikwenda kwenye maboksi hayo kutafuta aina adimu iliyopitwa na macho ya wenzake.

"Dad, hizi zote ni same," Kagendo alikuwa akimwambia.

"Zitazame tena," alijibu, kila mara.

Novemba 2009, katika maonyesho ya sarafu kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, alinunua senti ya mwaka 1798, nyeusi kama sufuria ya kuni. Aliiacha mezani nyumbani. Krismasi ilikuwa inakaribia, na kwao Kwamboka chombo kisichong'aa ni aibu ya ukoo mzima. Akakata limau, akalichovya kwenye chumvi, akachukua mswaki mkuukuu, akaisugua senti ile mpaka ikawaka. Alitaka kumfurahisha mumewe.

Mugambi aliingia, akaishika, akakaa chini bila kuvua koti. Baadaye alichukua kioo chake cha kukuzia, akavuta taa karibu, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama Kagendo," alisema, "umeipata! Ncha ya jani iko chini ya herufi isiyo yake. Uchafu ndio ulioificha. Hii ni aina adimu kabisa."

Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia nyumba ile alisimuliwa kisa hicho. Kwamboka alikuwa akisimama na birika la chai, akitikisa kichwa kukubali, na ilikuwa fahari yake kubwa katika nchi hii.

Agosti 2015 Mugambi aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Kwamboka, ambaye ni muuguzi katika makao ya wazee, aliomba likizo amtunze. Ilipofika Januari hakuweza tena kuinua kioo, hivyo mkewe akawa anamshikia. Alifariki hospitalini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kwamboka. Kwamboka hakulia. Alikunja blanketi, akapanda basi hadi nyumbani, akasonga ugali wa watu wawili.

Juzi Alhamisi, tulipokwenda kuutazama mwili, alikuja Bwana Anwarali, mzaliwa wa Kisumu, mkusanyaji mwenzake wa sarafu. Kwamboka alimpa senti ile iwe kumbukumbu ya Mugambi katika chama chao. Anwarali aliigeuza, akairudisha.

"Shemeji, hii hakuna atakayeitaka."

"Kwani si ni adimu?"

"Ni adimu. Lakini shaba ya zamani haisafishwi. Ule weusi ndio ngozi yake. Ukishautoa, imeharibika."

Kwamboka aliuliza kama basi ni kweli uchafu ulikuwa umelificha lile jani. Anwarali akaanza habari za theluji barabarani. Kwamboka akauliza tena.

"Jani aliliona palepale hotelini," Anwarali alisema. "Alinipigia simu jioni hiyo, anacheka kama mtoto."

"Na nilipoisugua?"

"Aliileta kwenye kikao chetu. Mtu mmoja akashika kichwa. Mugambi akasema, 'Hii imesafishwa na mke wangu, na yeye ndiye aliyeigundua. Mwenye neno aniambie mimi.' Na kila mwaka aliileta tena."

Kwamboka alimuuliza kama amekunywa chai. Alikuwa hajanywa, akammiminia. Kisha aliagiza haya yote yaandikwe kwenye wasifu.

"Mum, watu watacheka," Kagendo alisema.

"Wacheke."

Kinachofuata hakimo katika karatasi mliyoshika, kwa kuwa kimetokea leo asubuhi. Kwamboka aliamka, akakata limau, akalichovya kwenye chumvi, akaisugua senti ile upya mpaka ikawaka. Kabla jeneza halijafungwa, aliitia kwenye mfuko wa koti la mumewe, upande wa moyo. Hajalia bado. Mtakapompa mkono wa pole mtasikia harufu ya limau.

Mugambi ameacha mjane, Grace Kwamboka, binti, Kagendo, dada, Karimi, aliyeko Nkubu, mdogo wake, Kinoti, anayewasomea haya, na Bwana Anwarali, ambaye Kwamboka ameamuru ahesabiwe kuwa wa nyumbani.

Pumzisha macho sasa, Mugambi, kwa amani.