Godoro Juu ya Ramani

Basi la kwenda mji wa Houma lilijaa watu na makatoni ya maji, kimbunga kikiwa bado baharini. Earline alikuwa nyuma ya watu wawili wasiojuana, akiwasikiliza.

"Ramani ya kimbunga ya televisheni siielewi," alisema mama mwenye koti la mvua. "Kijiji chetu kimefunikwa na tangazo la magodoro. Nitajuaje kama tumo njiani mwake?"

"Piga simu kituo cha televisheni, mama. Mimi nilipiga," akajibu mzee wa pembeni.

"Wakaliondoa?"

"Wakalisogeza. Sasa limelala juu ya kijiji cha dada yangu."

Earline hakucheka. Mama yake aliishi huko huko chini ya godoro, na alikataa katakata kuhama kabla televisheni haijamtajia kijiji chake.

"Basi nihame, nisihame?"

"Mtangazaji wa hali ya hewa akikunja mikono ya shati, ujue mambo ni mazito, wewe hama."

"Jana si alikunja! Kumbe joto tu."

"Alikunja mmoja, mama. Mmoja hauhesabiki."

Basi likasimama. Wale wawili waliendelea kubishana wakiwa wamekaa. Earline alishuka, akapiga simu.

"Mama, fungasha nguo. Nakuja kukuchukua."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi."