Mwalimu Ernesta Raymond, Ambaye Hakufunga Shule

Mwakeye, ndugu zangu. Mimi ni Recho, dada wa marehemu. Nimeomba nisome mwenyewe, maana hata siku tulizogombana nazikumbuka.

Marehemu Mwalimu Ernesta Raymond alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 hapa Heru Juu, mtoto wa nne wa mzee Raymond Nkunzimana. Alitembea mapema, na tangu hapo hakukaa. Hata ugali aliula amesimama mlangoni, akiangalia nje kama mtu anayeitwa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Likizo moja ndefu tulilima tangu shule kufungwa hadi kufunguliwa, kitabu hakukigusa. Aliporudi akaitwa mbele asome. Maneno yote yalikuwa yametoka kichwani. Akarudishwa darasa la pili. Hakuwa mjinga, nasema hapa mbele ya jeneza lake. Aliniambia, "Dada, likizo imeniibia." Jambo hilo halikumtoka moyoni. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972.

Mwaka 1976 alichukuliwa mafunzo ya ualimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, akapangiwa Mabamba, kule mpakani. Mwaka 1988 alihamia hapa nyumbani, akastaafu 2016. Alistaafu kwenye karatasi tu. Kila shule zilipofungwa aliwaita watoto uwanjani kwake wasisahau waliyofundishwa. Wazazi tukagoma: "Mwalimu, likizo ni ya shamba!" Akasema, "Basi na mimi nakuja na jembe." Akaja kweli. Mtoto akimaliza tuta, anajibu swali ndipo aanze lingine.

Desemba moja aliwafundisha kuzidisha kwa mbegu za mahindi za mzee Nduwayezu. Shimo la kwanza mbili, la pili nne, la tatu sita, wakaendelea hivyo. Mahindi yakaota mafungu mafungu. Nduwayezu akaja mbio: "Mwalimu! Hili ni shamba au ubao?"

"Ni shamba, mzee. Hebu muulize mjukuu wako mbili mara tisa."

Mtoto akajibu kabla babu hajafungua mdomo. Mzee alinuna mpaka mavuno, wewe Nduwayezu usicheke, lakini watoto wale wale walirudi kung'oa miche iliyozidi, kila mmoja akitaja imebaki mingapi.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na Pasikali Niyomwungere, fundi seremala aliyekuja utotoni na wazazi wake kutoka Burundi. Siku ya harusi, mtoto aliyeleta zawadi alitajishwa kwanza miezi ya mwaka. Bwana harusi akasema, "Mama, leo pumzika." Wapi! Pasikali alimtangulia mwaka 2014.

Machi mwaka huu presha ilimzidi, mwanawe Moses akampeleka kutibiwa Kibondo. Nesi Firdausi alimwambia, "Bibi, lala basi." Akajibu, "Shule zikifungwa nani atawauliza? Saba mara nane ngapi?" "Bibi, mimi nimekuja kupima presha!" "Pima, huku unajibu." Mwezi wa sita alitaka kurudi nyumbani, likizo imeanza, Moses akamrudisha. Watoto walikaa naye kwenye turubai wakichambua maharage na kusoma kitabu cha hadithi kwa zamu. Hadithi ilikuwa haijaisha alipozidiwa. Alifariki Jumatano tarehe 18 Juni 2025, alfajiri.

Ndiyo maana moyo wangu hautulii. Watoto wenyewe wale pale, wamekaa na kitabu chao, na shule inafunguliwa Julai. Likizo isije ikawaibia na wao.

Ameacha watoto watatu, Nadine, Moses na Fidele, wajukuu, na mimi dada yake. Nadine amekubali mbele ya ukoo: Jumatatu asubuhi turubai litatandikwa. Leteni watoto, na maharage. Wataanza pale hadithi ilipokatikia. Mimi darasa la saba langu lipo, nitasikiliza anayeruka mstari.

Ernesta, shule haijafungwa. Kaa sasa. Mungu akukalishe kwa amani.