Keziya na Aivi Yenye Moyo Mweupe

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bi. Keziya Mwangoka atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika kituo chetu cha miche hapa Kyela. Alianza kama kibarua wa kujaza udongo kwenye viriba. Anaondoka akiwa msimamizi wa bustani ya mapambo, nafasi ambayo tumeambiwa haitajazwa.

Wengi wanamjua kwa miche ya kakao, maana mashamba mengi ya Ikolo yana miti iliyopita mikononi mwake. Lakini kazi aliyoichagua mwenyewe ilikuwa aivi, ule mmea unaotambaa ukutani. Kipande cha kwanza alipewa na rafiki yake wa Tukuyu, kwenye baridi, na kila mtu alimwambia kuwa joto la huku chini litakiua. Alikichomeka kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na pumba za mpunga, akakiweka kivulini mwa mikakao, kikashika. Miaka michache baadaye tawi moja likatoa majani yenye weupe katikati. Akalitenga, akalizalisha peke yake, akaliita Atupele, jina la marehemu mama yake.

Hezroni, dereva wetu, hakupendezwa. "Mama, haya majani yako yanaumwa. Yakate kabla hayajatuambukiza!" Keziya akajibu bila kuinuka: "Ndaga, baba, asante kwa ushauri. Na wewe ukiota mvi, tukukate?" Bustani nzima iliangua kicheko, na kwa muda mrefu Hezroni hakuingia getini bila kuitwa Baba Mvi.

Weupe ule haukukaa wenyewe. Aivi ya namna hii hupenda kurudia kijani. Tawi la kijani tupu likichipuka huwa na nguvu kuliko wenzake, na likiachwa humeza ukuta wote. Kwa hiyo kila masika Keziya alipanda ngazi na mkasi wake, akakata kijani hadi kwenye shina. Wageni kutoka Mbeya na wafanyabiashara wa Karonga walipiga picha mbele ya ukuta wa ukumbi wetu. Ukuta ule ulikuwa yeye.

Tangu Januari amekuwa akimalizia likizo zake zilizolimbikizwa. Hakuna aliyepanda ngazi. Mvua zilipokatika, nusu ya ukuta ilikuwa kijani. Ndipo ikaamuliwa ukuta usafishwe kwa ajili ya sherehe hii ya kumuaga, na vibarua wakaagizwa kuondoa majani "yanayoumwa". Walifanya kazi nzuri. Walikata yote meupe, wakabakiza kijani, na vyungu vya akiba vya kitaluni vikatupwa shimoni kwa sababu hiyohiyo.

Keziya alipopita kuchukua kadi yake ya mwaliko alisimama pale ukutani. Akauliza vyungu viko wapi. Alipojibiwa, alisema "Haya," akaenda zake.

Kwa hiyo, mheshimiwa mgeni rasmi, ukitazama nyuma ya meza kuu utaona ukuta uliostawi. Tafadhali usimpongeze kwa huo. Na lile swali la mvi alilomuuliza Hezroni bustanini tumekwisha kulijibu: ndiyo, mama, tunakata.

Kilichobaki kiko kwenu. Kwa miaka mingi wageni wetu waliondoka na chungu cha Atupele kama zawadi. Tazameni kwenye varanda zenu. Msihukumu kwa majani ya juu kabisa, kwa kuwa mmea ukikomaa majani hayo hupoteza ncha zake na kufanana na ya mmea mwingine. Shikeni tawi la chini. Jani lina ncha tano, ya katikati ndefu kuliko zote, na weupe uko ndani. Weupe ukiwa ukingoni, hiyo ni aivi ya dukani. Mkiipata, kateni kipande chenye vifundo vitatu, mkifunge kwenye gazeti bichi, mmpe bodaboda anayekwenda Talatala. Nyumba ya Keziya ni ya pili baada ya kanisa. Msikilete hapa kituoni.

Mama Keziya, ndaga fijo kwa kila ulichokiotesha. Tunakutakia maisha mema, afya, na kivuli cha kutosha. Kwenye kifurushi chako cha zawadi, chini ya kitenge, utaukuta mkasi wako. Huku hakuna tena wa kuutumia.

Nancy Mwaisumo
Kitengo cha Miche