Dawa za Kopo la Wembe

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na mimi ndiye mwenye birika. Wote huniita Shangazi, hata walionizidi umri, nami nimechoka kuwasahihisha. Zamani hapa ugomvi ulikuwa wa mpira. Tangu Sista, muuguzi mstaafu wa mtaa wa nyuma, abandike ukutani orodha ya vitabu sita vya kusoma kuhusu magonjwa na afya ya watu, vya mambo ya kweli, si hadithi, na kuviazimisha kwa yeyote atakayeapa hatakunja kurasa, kila mtu hapa amekuwa daktari. Asubuhi ile walikuwepo watatu: Wembe mwenyewe, kinyozi, Pindo, fundi cherehani, na Tarishi, aliyebeba mafaili ya ofisi miaka thelathini na hajawahi kufungua hata moja. Nafasi ya nne ni ya Fundi Bati, mwezeka paa. Alilazwa juzi. Midomo imevimba, macho hayafunguki, ngozi imejaa malengelenge kama kamwagiwa maji ya moto, na madaktari bado wanatafuta sababu. Ndiyo hiyo sababu tuliyokuwa tukiigombania.

WEMBE: Ni maji. Kitabu changu kinasema kulikuwa na mtaa mzima ukifa kwa kipindupindu, kumbe ni pampu moja tu ya maji! Daktari kazunguka nyumba kwa nyumba, kachora ramani, pampu ikang'olewa mkono.

PINDO: Fundi Bati na maji wapi na wapi? Yule anakunywa kahawa ya Shangazi.

MIMI: Pindo, chunga ulimi. Miaka tisa unainywa. Ingekuwa sumu, tungeshapumzika.

WEMBE: Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

TARISHI: Hiyo imeingiaje hapa?

WEMBE: Mwenyeji kapona? Hajapona. Basi mgeni hajaja. Tumia kichwa.

PINDO: Mimi nasema ni madaktari wenyewe. Chukueni kitabu changu msome. Zamani walikuwa wanatoka kupasua maiti, moja kwa moja wanakwenda kuzalisha, mikono hawajanawa! Akina mama wanakufa, wanakufa. Mwenzao mmoja akawaambia, jamani, naweni. Unajua walimfanya nini?

MIMI: Walinawa.

PINDO: Walimdharau, Shangazi! Wasomi wazima. Wakaendelea na mikono yao.

Nilikuwa nimelisikia hilo mara tatu na bado mwili ulinisisimka. Mimi nimezaa wanne, tena wote hospitali, na sikuwahi kuangalia mikono ya mtu.

WEMBE: Basi ni bati. Jua linapiga bati, bati linampiga mtu. Miaka ishirini juu ya paa! Mwenzetu ameiva polepole.

PINDO: Kwa hesabu hiyo mimi cherehani ingeshanishona.

WEMBE: Na huo mgongo ulivyojikunja unadhani ni nini?

PINDO: Cheka tu. Wewe hujafika sura ya saba. Kuna watu walinyimwa dawa miaka arobaini, makusudi, wataalamu wanawaangalia tu ugonjwa utawafanyaje. Huenda hata Fundi Bati wanamfanyia majaribio.

WEMBE: Miaka arobaini? Huyu ana siku mbili tu.

PINDO: Si ndiyo wanaanza! Haraka haraka haina baraka.

Tarishi hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye ukurasa wa kitabu chake, kile kinachohusu dawa.

TARISHI: Nisikilizeni kidogo. "Dawa inayomponya huyu yaweza kumchoma yule. Huanza kwa homa, midomo na macho kuvimba, kisha ngozi hutoa malengelenge na kubanduka. Dalili huweza kuja siku kadhaa au hata wiki baada ya kuanza kuitumia. Cha kwanza ni kuijua dawa hiyo na kuiacha mara moja."

WEMBE: Soma tena.

Akasoma tena, polepole, kama mtoto wa darasa la pili.

WEMBE: Funga hicho kitabu.

MIMI: Asifunge!

Jamani. Wiki mbili nyuma Fundi Bati alikuja hapa na jipu mgongoni, hawezi hata kuegemea ukuta. Tukampa dawa. Ndani ya saluni kuna kopo la majani ya chai, na kila anayepata nafuu kabla ya kumaliza dozi huleta vidonge vilivyobaki, maana kutupa dawa tuliona ni kufuru. Tulijisifu kwa kopo lile. Tukamchagulia asubuhi vya huyu, mchana vya yule, na vya kwanza kabisa vilikuwa vyangu. Nilimmiminia na kahawa ya bure ya kuvimezea, nikamwambia, kunywa kaka yangu.

PINDO: Lakini jipu lilikauka!

MIMI: Jipu lilikauka, ndiyo.

WEMBE: Na tulimpa kidogo kidogo tu. Haba na haba...

Hakuimalizia. Methali zake zote huzikosea, ile ilitaka kukaa sawasawa na hakuna aliyetaka kuisikia.

TARISHI: Hospitali kuna aliyewaambia?

Pindo akanitazama. Mimi nikamtazama Wembe. Wembe akawa anapangusa suruali yake, na haikuwa na nywele wala vumbi.

TARISHI: Wembe?

WEMBE: Jana nilikwenda kumwona. Nikampelekea vinne.

MIMI: Vinne nini?

WEMBE: Vya kopo. Nilivifunga kwenye karatasi. Nikamwambia ameze kimyakimya, manesi wasione. Kimoja alimeza mbele yangu, kwa taabu, lakini akameza. Nilitaka apone, Shangazi! Jipu si lilikauka?

Nilikaa palepale kwenye nafasi ya Fundi Bati, birika mkononi. Pindo alianza kusema twende sasa hivi, twende hospitali, akasimama, akakaa, akasimama tena.

Hapo akatokea mwanamke kijana, anatembea upesi, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa binti mkubwa wa Fundi Bati, yule mwalimu. Hajawahi kusimama kijiweni petu hata siku moja.

BINTI: Shikamooni.

SOTE: Marahaba.

BINTI: Nesi amekuta hivi chini ya mto wa baba. Baba hawezi kusema, mdomo umejaa vidonda, lakini aliandika kwa kidole kwenye shuka: kijiwe.

Akafungua karatasi. Vidonge vitatu, vyeupe, vya mviringo, havina hata herufi.

BINTI: Daktari anasema kuna dawa inayomchoma, na lazima waijue, wasije wakampa tena nyingine ya ukoo huo. Anauliza, ni dawa gani mlikuwa mnampa?

Wembe alikimbia ndani akarudi na kopo, akalimwaga lote kwenye benchi. Vyeupe, vyeupe, vya njano, vyeupe. Pindo, nadhifu wetu, alikuwa amezikata pakiti zote kwa mkasi na kuvitoa, kidonge kimoja kimoja, ili vienee koponi. Majina yote yalikwenda na takataka. Sasa amesimama na mikono kichwani, anasema, nilitaka vikae vizuri tu, mwanangu, nilitaka vikae vizuri.

BINTI: Hata kimoja? Hakuna anayejua hata kimoja?

Tarishi alifungua kitabu, akapekua, akakifunga. Wembe alikuwa analia waziwazi. Binti akanigeukia mimi, nadhani kwa sababu mimi ni mwanamke.

BINTI: Shangazi, vyako vilikuwa vya nini?

MIMI: Vya kifua, mwanangu. Au vya jino. Vilikuwa vya mwaka juzi.