Historia ya Kaka Yetu Kijiti na Gari Lisilo na Klachi

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimekabidhiwa kazi hii kwa sababu wanawe wameshindwa kuifanya bila kulia, nami sijui kama nitafika mwisho, kwa hiyo tuvumiliane.

Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Kijiti kwa wembamba wake, alizaliwa nyumbani tarehe 9 Machi 1951, akiwa kifungua mimba wa seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha chuo cha ufundi, na mwaka 1971 akaajiriwa kuwa fundi mitambo katika kiwanda cha maziwa, alikodumu mpaka alipostaafu mwaka 2006. Alikuwa mbishi, Mungu anisamehe, hata daktari wa meno alibishana naye mdomo ukiwa wazi.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na shemeji yangu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, na wa nne, kwa maneno ya shemeji mwenyewe, ni lile gari lao kuukuu, lisilo na pedali ya klachi ingawa gia zake hubadilishwa kwa mkono, hivyo gia ikiingia hujivuta lenyewe usipokanyaga breki. Kila Jumamosi walilipima mafuta ya gia pamoja, likiwa limepata moto na injini inanguruma, shemeji akiwa kwenye usukani amekanyaga breki, akipitisha gia zote na kurudisha frii, pasipo na gia yoyote, kaka ameinama mbele na kitambaa chake cheupe, akiuliza kama breki imeshikwa, naye akimjibu kwamba ameishika tangu siku ya harusi.

Mwaka 2021 shemeji alipata kiharusi, mguu wa kulia ukakosa nguvu. Tulimshauri kaka amkalishe mwanawe kwenye kiti kile, akakataa katakata, akasema mkewe akichungulia dirishani na kumwona mtu mwingine pale, atajua amestaafishwa. Akawa anaweka tofali mbele ya gurudumu. Tulimsema mpaka tukachoka, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi tarehe 3 Februari 2024, uani kwake, alipitisha gia akiwa amesimama nje ya mlango, gia haikurudi frii sawasawa, akaenda mbele kupima, gari likapanda tofali na kumbana ukutani. Shemeji aliyaona yote kutoka dirishani. Kaka alilazwa hospitali, akafariki Jumanne tarehe 6.

Tangu hapo shemeji amekuwa akirudia kwamba mguu wake ndio uliomuua. Shemeji, nasema mbele ya hadhara hii, si mguu wako, ni ubishi wake, na ubishi ule ulikuwa mapenzi, kwani hata wodini alichouliza ni kama umekula.

Leo asubuhi shemeji alituomba tumbebe mpaka kwenye gari, tukamkalisha, akauinua mguu wake kwa mikono miwili, akauweka juu ya breki, akakaa hivyo mpaka jeneza lilipotoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, na majirani walioling'oa gari lile ukutani kwa mikono mitupu.

Pumzika kwa amani, Kijiti, breki imeshikwa.