Fundi Jaribu Ngwali na Mlango wa Gari la Kengeja

Wasifu huu umesomwa baada ya hitma ya siku ya tatu, Wesha, Ijumaa, 16 Machi 1962

Marehemu Jaribu bin Ngwali bin Masika alizaliwa hapa Wesha mwaka 1905. Tarehe haikuandikwa popote. Mama yake alishika tu kwamba ilikuwa mfungo sita, mwezi wa Maulidi, na mvua ilikuwa ikivuja juu ya kitanda. Baba yake, Mzee Ngwali, alikuwa fundi wa kalfati bandarini: akiziba nyufa za vyombo kwa pamba na kuvipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hadi mtaa wa pili.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na miwili, akasoma skuli ya Chake Chake kwa miaka miwili, kisha akatolewa kwenda kumsaidia baba yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwisho. Ukuta mzima wa banda lake aliuandika kwa chaki: gari la nani, limeumia wapi, limeahidiwa lini.

Mwaka 1926 aliingia kazi ya kunyoosha bodi za magari, Chake Chake. Mlango wa kwanza alioachiwa peke yake aliufanya kama alivyofunzwa bandarini. Aliona vitundu chini ya mlango, akavijaza pamba na lami, akapaka sifa juu, akajisifu kwamba hapaingii tone. Masika yalipokwisha, mwenye gari alirudi, akautikisa mlango mbele ya watu. Ukalia chubwi, chubwi.

"Fundi, umenitengenezea gari au mtungi?"

Maji yalikuwa yakiingia juu, kwenye kioo, na njia ya kutokea kaiziba mwenyewe. Bati lilikuwa limeoza kwa ndani, rangi nzuri kwa nje. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe kwa miaka thelathini, akicheka mpaka machozi. Tangu hapo, gari lolote likiingia bandani, alianza kwa kulala chali na msumari, akizibua vitundu vya milango kabla hajamuuliza mtu habari za nyumbani.

Mwaka 1931 alimuoa Bi Mwanapili binti Kificho wa Kengeja, na mwaka 1934 akafungua banda lake kando ya njia ya Wesha. Sifa hakuiacha, ila sasa aliipaka ndani ya mlango, baada ya kukwangua kutu mpaka bati ling'are na kupaka rangi nyekundu ya kwanza. Bi Mwanapili alikuwa akimsimamisha mlangoni: "Huyo papa wako mwache huko huko! Pitia kisimani kwanza, mume wangu, ndipo uje uniamkie." Naye akirudi kisimani bila ya kubisha.

Kisha siasa ikatuingia. Yasemwe, maana sote tuliokaa hapa tunayajua. Tuliacha kununuliana, tukaacha kupandiana magari, tukafika mahali pa kuacha kuzikana. Mwezi wa Agosti 1961, gari la Kengeja, lile lori la abiria la Bwana Soud Mmanga, lilipigwa kwa magogo na mawe njiani. Mlango wa dereva uliingia ndani kama sahani. Haukufunga tena, na lori likalala. Bwana Soud ni wa chama kingine, si cha Wesha. Akaja na gari lake kwa marehemu, limevutwa kwa kamba.

Jioni ile mkwe wake, Vuai, mume wa binti yake Kazija, alikuja bandani na wenzake wawili.

"Baba, ukigonga nyundo kwenye mlango ule, hatukuziki."

"Hamniziki nani? Na wewe Vuai?"

"Sote, baba. Ndivyo tulivyokubaliana."

Marehemu aliendelea kuchagua nyundo zake. "Basi mie nikifa sitojua nani kanibeba na nani kakaa. Lakini mzazi wa Kengeja akishikwa na uchungu, gari hakuna, yeye atajua. Nipishe mwangaza, mwanangu."

Alifanya kazi siku tisa. Aliweka mfuko wa mchanga nyuma ya bati, akachukua nyundo ya mti wa mkwaju, akaanza ukingoni mwa bonde la bati, akizunguka taratibu kuja katikati. Ukianza kati, alisema, bati hutanuka na halirudi tena. Hakuficha shimo hata moja kwa rangi. Mlango ulipofunga kwa kidole kimoja, lori liliondoka, na banda likabaki tupu. Wateja wa miaka yote walipita wakitazama upande wa pili. Vuai alikata mguu, asikanyage tena nyumbani kwa mkwewe, na Kazija akawa anakuja kumwona baba yake kwa mlango wa uani. Marehemu alifagia banda kila asubuhi, akakaa. Miezi saba haikuletwa hata baskeli.

Mwezi wa Novemba alishikwa na kifua. Alitibiwa haspitali Chake Chake, akapata nafuu, akafunga Ramadhani nusu, kisha akazidiwa. Alifariki nyumbani kwake Jumatano, 14 Machi 1962, baada ya sala ya alfajiri. Neno la kwanza la Bi Mwanapili kwa Kazija lilikuwa: "Watakuja wangapi?"

Lori la Kengeja lilifika kabla ya adhuhuri, limejaa. Watu wa Kengeja ndio waliobeba jeneza la mtu wa Wesha, na watu wa Wesha, majirani zake wa miaka hamsini, walikaa kwenye baraza ya duka ng'ambo ya njia wakitazama. Makaburini, mwanawe Masika alishuka peke yake kumpokea baba yake, na mtu mmoja hawezi. Bwana Soud alikuwa ameshavua viatu. Hapo Vuai alitokea mbio, bila ya kofia, akapita katikati ya watu, akatumbukia kaburini.

"Bwana Soud, nipe upande wa miguu."

"Shika vizuri, Vuai. Mzito."

"Nimemshika."

Yalikuwa maneno ya kwanza kuambiana tangu Agosti. Wanne zaidi waliinuka barazani wakaja kutupa udongo. Si wote. Waliobaki wamekaa wamo humu leo, wamekula hitma yake, na wanajijua.

Marehemu ameacha mjane, Bi Mwanapili, watoto watatu, Kazija, Masika na Khairiya, wajukuu wanne, na Vuai, aliyemlaza kwa mikono yake. Mola amkunjulie kaburi lake, amfutie makosa, ampe raha isiyokatika. Na sisi atutie haya ya kutazamana usoni. Amin.