Abu Nani?

Kijiwe cha Khalaf muuza kahawa, pale mjini Irbid, si benchi la mbao. Ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, kimeegemezwa ukutani kando ya kibanda chake, na springi zake zinamjua kila mtu kwa uzito wake. Kulia hukaa Redio, dereva wa teksi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Katikati hukaa Daktari, ambaye alilinda geti la zahanati miaka ishirini na mitano akastaafu na magonjwa yote kichwani. Kushoto, siku zote kushoto, hukaa Abu Hazim, fundi wa majiko ya gesi, mtu wa maneno machache. Asubuhi hiyo alikuwa ameikodolea macho simu yake. Kundi moja la mtandaoni, la watu wenye usonji na jamaa zao, lilikuwa limemkataa mara mbili, na msimamizi amempa mpaka adhana ya adhuhuri ajibu swali moja kwa ukweli, la sivyo anafungiwa kabisa.

— Swali lenyewe hili, Abu Hazim akasoma. "Una uhusiano gani na usonji? Tia tiki mahali pamoja tu." Halafu wamepanga: mimi mwenyewe, mama, baba, ndugu, mwalimu, mengineyo.

— Usonji ndiyo nini? Redio akauliza.

— Mtu anazaliwa nao, Daktari akadakia. Ana akili zake, ila kelele zinamchoma, na maneno yanamgomea. Hauambukizi. Rudi hapa, unasogea nini?

— Nanyoosha mguu, bwana. Na wewe Abu Hazim umefuata nini huko?

— Kuna mtu namjua. Ana kijana wake.

— Nani huyo?

— Mtu tu.

Uongo ulimtoka laini, maana ulikuwa na miaka kumi na miwili mdomoni. Siku aliyohamia mtaa huo, kabla hata godoro halijashushwa, Redio alimuuliza, "Karibu jirani, wewe Abu nani?" Kwao mwanamume huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, Abu fulani, yaani baba wa fulani. Wa kwanza wake alikuwa Mufleh, na saa ile Mufleh alikuwa nyuma ya lori, amejikunja kati ya viti, ameziba masikio, akilia chinichini. Abu Hazim akataja jina la mtoto wa pili. Ukishatema mate huyarambi tena. Mufleh sasa ana miaka thelathini, anaishi ghorofa ya juu nyuma ya mapazia, na kijiweni hapo hakuna anayejua kwamba yupo.

Sasa Alhamisi Hazim anaoa, na mama yao ameapa hatatia mguu ukumbini bila Mufleh. Ndani ya kundi lile kuna mwanamke aliyempeleka mwanawe harusini, ngoma, honi na yote, akarudi naye salama, akaandika hatua kwa hatua alivyofanya. Maandishi hayo hasomi mtu mpaka akubaliwe.

— Mara ya kwanza ulijaza nini? Daktari akauliza.

— Mengineyo. Nikaandika "rafiki". Wakasema marafiki wana kundi lao.

— Ya pili?

— Mwalimu. Wakaniuliza shule gani.

— Ukasema?

— Nikazima simu.

Khalaf alicheka hadi kahawa ikafurika jikoni.

— Mtego huo, Redio akasema. Leo wanakuuliza uhusiano wako na usonji, kesho uhusiano wako na mama mkwe. Wanatuhesabu kichinichini hawa.

— Labda wanawachuja wauza dawa za uongo, Khalaf akasema. Wanajaa kwenye makundi kama hayo.

Maneno yake yalikuwa na maana, kwa hiyo yakapitwa.

— Wanatuhesabu! Redio akaendelea. Ndiyo maana wahenga wakasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

— Hapo imeingiaje? Khalaf akauliza.

— Imeingia tu. Wewe angalia kahawa yako.

Redio alirusha methali hiyo ovyo, kama anavyozirusha zote. Abu Hazim akainamia kikombe.

— Mimi naona utie "mimi mwenyewe", Daktari akasema.

— Mimi?

— Tazama. Unakaa upande huo huo miaka kumi na miwili. Siku Redio alipokalia pako ulikunywa kahawa umesimama. Kikombe chako kina ufa, na ukipewa kingine unanuna.

— Mazoea hayo, Daktari.

— Ndivyo mnavyosema nyote!

— Basi hata mimi ninao, Redio akasema, na sasa uso wake haukuwa na mzaha. Siwezi kuendesha gari kimya. Lazima nisikie mtu anaongea, hata kama ni mimi.

— Wewe una maradhi ya mdomo. Ila Khalaf anakoroga mara saba. Nimemhesabia. Hakorogi sita wala nane.

— Ya nane inaharibu povu! Khalaf akajitetea.

— Mnamwona? Na mimi lile geti nilikuwa nalifunga, nakwenda, narudi kulitikisa. Mara tatu kila siku... Daktari akasita. Subhanallah. Tunao wote.

— Kiti kizima?

— Kiti kizima.

— Basi ni kiti! Redio akaruka kama kachomwa sindano. Wallahi ni springi hizi! Basi lenyewe nani anajua lilibeba nini!

Wakasimama wote watatu wakakitazama kiti. Abu Hazim naye alisimama, kwa kuwa wenzake wamesimama, na kwa dakika moja hakujua tena nani anamdanganya nani. Zilibaki dakika kumi adhana itoke.

— Nawaambia huyu ni mtu wa ajabu tangu zamani, Daktari akasema wakikaa tena, taratibu. Nani mwingine hapa amemnyima baba yake jina? Mzee Mufleh, Mungu amrehemu, mtu na heshima zake, halafu kifungua mimba, wa kurithi jina la babu, anaitwa Hazim!

— Tulishamsamehe hilo. Alhamisi msafara wa huyo kifungua mimba naongoza mimi, na honi nitapiga mpaka wasikie ng'ambo ya mpaka. Tia tiki "ndugu" bwana, wanadamu wote ndugu. Undugu kufaana!

— Atakubaliwaje kwa undugu, Daktari akasema, wakati atakayeulizwa ni...

— Samahani, mabwana.

Aliyesema hivyo alikuwa Mmisri mmoja, Bekhit, fundi wa vigae, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekalia ndoo yake ya vifaa akimngojea mwenye nyumba aliyemwahidi kazi. Alikuwa na mkate mkononi na maharage mashavuni. Akameza kwanza.

— Huyo kijana anaitwa nani?

— Kijana gani?

— Si huyo mnayemzungumza? Saa nzima mnasema usonji, usonji. Mwenye nao ana jina?

Redio akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Khalaf, Khalaf akaitazama birika. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyekuwa amefikiri kuuliza. Bekhit akaanza kuomba radhi, akidhani amevunja adabu ya watu.

— Mufleh, Abu Hazim akasema.

Jina hilo hulitaja nyumbani kila siku, mara hamsini kwa siku. Nje ya mlango wake, kwa maana ya mtu aliye hai, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

— Mufleh si marehemu baba yako? Redio akauliza.

— Na mjukuu wake wa kwanza.

Daktari akahesabu kwa vidole, kimoja, viwili, akaacha. Kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Abu Hazim akatia tiki penye "baba". Kwenye mstari wa jina akafuta neno moja, akaandika lingine, akatuma. Redio alikuwa amemwinamia begani.

— Abu Mufleh, akasoma polepole. Miaka kumi na miwili nakuita kwa jina la mtu mwingine?

— Nilikupa mwenyewe.

— Kwani tungemla?

Abu Mufleh aliona aibu iliyomfika mifupani. Hakumwonea aibu kijana. Aliionea aibu siku ile ya lori, na jinsi neno moja lilivyokuwa jepesi kulisema.

— Sikujua mngesema nini, akajibu.

Adhana ikaanza. Ilipokwisha, Redio akauliza kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kumsikia nayo:

— Sasa Alhamisi... honi nipige, nisipige?

— Sijui, ndugu yangu. Ngoja wanikubali niwaulize.

Wakakaa wote wakiitazama simu.